Sahani ya Bi Somoe

— Nimekuja!
— Na nini?
— Na uongo uliooga, ukajifukiza udi.
— Upewe kiti cha mbele!
— Na ukweli ambao haujaoga.
— Usogee, tuunuse!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka. Hadithi hii ina malango ya kutosha.

Hapo kale, bandari zilipokuwa na kuta na kuta zilipokuwa na kiburi, palikuwa na mji uitwao Sambaruni. Mji wa nyumba za mawe, wa visima vitamu, wa watu wanaojua kuvaa. Ulikuwa na kasoro moja tu: hakuna mtu wa Sambaruni aliyewahi kukiri kuwa amekosa kitu. Ukimkuta anakula ukoko, atakwambia mganga kamwagiza. Ukimkuta na kiraka kwenye kanzu, atakwambia ndivyo wanavyovaa huko Shamu siku hizi. Mnawajua watu wa namna hiyo? Msiangaliane.

Sasa, watu wa Sambaruni walisali wamefumba macho. Majirani zao wa ng'ambo ya mto walisali wamefumbua. Mungu yule yule, maneno yale yale, magoti yale yale yanayouma. Wafumbao wakasema: mwenzetu anasali huku anakagua nguo za watu. Wafumbuao wakasema: mwenzetu ana jambo anamficha Mola wake. Wakatukanana. Wakatungiana nyimbo. Wakachomeana nyumba za sala. Mwishowe Amiri wa Wafumbuao, kijana aitwaye Dahalani, akaja na jeshi na vyombo vya vita, akauzingira mji. Nchi kavu akapiga mahema mbele ya lango. Baharini akafunga mdomo wa bandari kwa mnyororo, majahazi ya wachuuzi yasiingie. Kisha akaapa mbele ya watu wake kwamba hatasinzia vizuri mpaka auingie mji.

Na ndani ya ukuta, Sultani Madi naye akaapa mbele ya watu wake kwamba lango halitafunguliwa mpaka adui aishiwe.

Mnaona? Wanaume wawili, viapo viwili, ukuta mmoja. Nani atapika?

Sultani alikuwa na dada yake mkubwa, mjane, jina lake Bi Somoe. Tangu utotoni Bi Somoe alikuwa na matatizo na dini ya kufumba. Siku moja alishtakiwa na mtoto mwenzake kwamba kafumbua macho katikati ya sala. Akauliza, "Na yeye kaniona kwa macho gani?" Akapigwa kofi. Toka siku hiyo akafumba macho, lakini mdomo haukufumbika.

Bi Somoe alikuwa na vitu viwili alivyovipenda duniani. Cha kwanza binti yake, Tumu. Cha pili sahani ya kaure aliyoolewa nayo, nyeupe, yenye samaki wawili wa buluu wanaofukuzana ukingoni. Nami nawaambia mapema ili msije mkanisumbua: sahani haivunjiki. Kaeni kwa amani.

Aliyekosa amani ni mtoto.

Tumu alijifungua mji ukiwa umefungwa, ghala limefagiliwa, na paka wametoweka mitaani bila mtu kuuliza wamekwenda wapi. Mzazi anataka uji wa pilipili manga. Anataka supu. Tumu alikuwa akipewa maji ya moto yaliyotiwa mchaichai. Maziwa yakakatika. Mtoto akanyonya, akaachia, akalia. Akanyonya, akaachia, akalia. Akanyonya, akaachia, na mtaa mzima ukajua.

Kulikuwa na mchele nyumbani, mchele wa mwisho. Bi Somoe aliushona ndani ya mto wa kulalia, akauweka chini ya kichwa cha binti yake. Kila siku anachomoa konzi moja, anapika uji, maziwa yanachuruzika kidogo, mtoto anatulia kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichokuwa roho ya mtoto.

Asubuhi moja hodi ikapigwa. Sultani mwenyewe, na Waziri wake, Shekue.

"Dada," Sultani akasema, "tumekuja kuazima sahani yako."

"Ya nini?"

"Ya heshima," Waziri akadakia.

"Heshima hailiwi sahanini. Mnaweka nini?"

Sultani akatazama dari. "Pilau."

"Pilau! Kwani jumbani kuna mchele?"

"Ghala la jumba linafanyiwa matengenezo," akasema Waziri.

Sultani akazidi kutazama dari. Bi Somoe akaelewa.

"Madi. Mimi nimekubeba mgongoni. Nimekupenga kamasi kwa nguo yangu mwenyewe. Usinitazamie dari. Mnataka mchele wa mzazi?"

Waziri akaeleza, kwa mikono miwili, shauri lake. Adui anangoja tufe njaa. Basi tumpelekee pilau! Pilau yenye nyama, yenye mdalasini, inayonukia mpaka kwenye mahema ya nyuma. Atasema: watu hawa wanapika mpaka wanagawa, mimi nangoja nini hapa? Atafungasha, atakwenda zake.

"Na asipofungasha?"

"Atafungasha."

"Na mjukuu wangu?"

"Atapata mji wa kukulia, Bibi."

Mbuzi wa mwisho wa Sultani akachinjwa. Mto ukafumuliwa, mchele ukachotwa. Pilau ikapikwa, ikapakuliwa kwenye samaki wawili wa buluu, ikafunikwa kawa. Bi Somoe akasema, "Sahani ni yangu. Nitaibeba mwenyewe." Na hakuna mpiga mishale, awe kafumba au kafumbua, anayemlenga mwanamke aliyebeba chakula.

Akatoka langoni anaimba, ili mtoto amsikie kule nyuma. Mimi nikiimba, nyie mnaitikia "Hairudi tupu."

Nyamaza, mwana, nyamaza,
— Hairudi tupu!
Sahani imetoka na chetu,
— Hairudi tupu!
Itarudi na chao, nyamaza,
— Hairudi tupu!

Hapo ndipo Waziri alipokosea. Pwani nzima ile, kwa wafumbao na kwa wafumbuao, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa chakula, unakula, unaosha sahani, unatia ulicho nacho, unarudisha. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio mojawapo ya mambo mawili: mimi sina kitu, au wewe si kitu. Yote mawili, bora ufe. Waziri alijua hayo, lakini wanaume hawabebi sahani, basi hayakumjia kichwani.

Kambini sahani ikapokewa na mama yake Amiri, Bi Mgeni. Zamani alikuwa mwanamke mnene. Sasa ngozi ilimkaa kama nguo ya kuazima. Amiri Dahalani akala matonge matatu kwa adabu, macho kayatoa, hapepesi. Askari wakasimama mbali wakimeza mate.

"Pilau nzuri," akasema Amiri. "Kwenu hii ni ya sikukuu?"

"Hii?" akasema Bi Somoe, maana naye alikuwa mtu wa Sambaruni. "Hii ni ya jana."

Bi Mgeni akaiosha sahani taratibu. Akaingia hemani, akakawia. Akatoka na mkate wa ufuta uliomiminiwa asali.

"Sahani hairudi tupu, dada yangu."

Ukutani wazee walikuwa wanachungulia. "Asali!" wakanong'onezana. "Wana asali!" Baraza likagawana mkate kwa mpangilio wa vyeo. Cheo cha Tumu kilikuwa kulamba kidole cha mama yake kilichopitishwa ukingoni mwa sahani.

"Wametuonyesha," akasema Sultani.

"Basi tuwaonyeshe zaidi," akasema Waziri.

Mtoto akalia.

Safari ya pili akachinjwa tausi wa jumba. Ndiyo, tausi. Nyama yake ikoje, mkamuulize mtu aliyewahi kujuta. Mto ukafumuliwa tena. Lakini safari hii Bi Somoe alipika peke yake, mlango kaufunga. Akachukua bakuli dogo la udongo, akalifudikiza, kinywa chini, katikati ya sahani, akatandaza pilau juu yake. Ukiitazama, mlima. Ukiichota, kilima. Mchele uliobaki akaurudisha ndani ya mto wa kulalia, akashona.

Akatoka anaimba. Itikieni.

Nyamaza, mwana, nyamaza,
— Hairudi tupu!
Sahani imetoka na mlima,
— Hairudi tupu!

Bi Mgeni akaipokea, akaingia nayo hemani. Akakawia kuliko mara ya kwanza. Alipotoka, juu ya sahani palikuwa na mlima wa tende zinazong'aa kwa mafuta. Wanawake wawili wakatazamana.

Ukutani wazee wakashika vichwa. "Tende! Za kupaka mafuta!"

Bi Somoe akafikia nyumbani kwanza, kabla ya baraza kumfikia yeye. Akachota tende za kwanza kumpa Tumu. Kidole kikagonga kitu kigumu. Akachota tena. Chini ya tende palikuwa na bakuli la mti, limefudikizwa.

Akakaa kitako. Akalitazama bakuli. Akasimama, akazunguka chumba, akakaa tena.

Kumbe na wao!

Sasa sikilizeni mawazo ya mwanamke anayezunguka chumba. Nikimwambia Madi kwamba wale nao wana njaa, atasema vizuri, tungoje tuone nani anatangulia kufa. Na yule mtoa macho akijua habari zetu, atasema hivyo hivyo. Watangoja kwa furaha kabisa, wote wawili, na mjukuu wangu atawatangulia.

Akalificha bakuli uvunguni. Baraza likaja, likachukua tende. Bi Somoe akaficha chache kinywani, akajibu maswali yote ya Waziri kwa kutikisa kichwa. Walipoondoka akamlisha binti yake kama njiwa. Kisha akazunguka. Kutwa alizunguka.

Kisha ikaja siku ambayo mtoto hakulia.

Majirani wakasema, alhamdulillahi, katulia. Bi Somoe aliposikia kimya kile akaacha kuzunguka. Akamwinua mtoto. Kichwa kilining'inia. Mdomo ulikuwa unatafuta, lakini sauti haikuwepo.

"Mama," akasema Tumu, "mbona halii?"

"Anapumzika."

"Mama."

"Halii kwa sababu hana cha kulilia, Tumu. Nipe huo mto. Leo unakunywa uji wote uliobaki, tusiulizane kesho."

Hodi! Waziri Shekue. Kaingia kabla hajajibiwa. Tumu akageuka kitandani, na mto ukasema: shwaaa.

"Mto huu bado una nini?" akauliza Waziri.

"Ndoto za mzazi."

"Ndoto hazina punje, Bi Somoe. Sultani ameamua. Sahani ya mwisho. Hii wakiiona, kesho hawapo. Pika wote."

"Wote?"

"Wote. Nangoja hapa nje."

Bi Somoe akamtazama. "Sawa, Waziri. Napika wote."

Akapika wote. Akapika uji. Akatia pilipili manga ya mwisho, akaupoza, akamnywesha binti yake bakuli kwa bakuli, akafuta sufuria kwa kidole, na kidole akampa. Kisha akachukua sahani ya kaure, akaifuta ikang'aa. Akaifunika kawa. Akaiinua kwa mikono miwili kama vile nzito, akatoka.

Baraza zima lilikuwa limejipanga langoni. Akapita katikati yao.

Waziri akavuta pumzi, akafumba macho. "Aaa! Harufu hiyo!"

"Ya kuku," akasema mzee mmoja.

"Kuku na zabibu," akasema mwingine.

Watu wa Sambaruni hao. Siwazidishii.

Bi Somoe akatoka langoni. Safari hii hakuimba. Alijua akifungua kinywa atapiga yowe.

Bi Mgeni akapokea sahani, na mikono yake ikaenda juu kwa wepesi. Akajua kabla hajafunua. Akamwita Bi Somoe hemani, akainua kawa. Samaki wawili wa buluu wanafukuzana, wala hapana kitu kingine.

"Umekuja kunitukana?" akauliza polepole.

"La. Sina."

Neno hilo halikuwa limesemwa Sambaruni tangu msingi wa kwanza ulipochimbwa.

Bi Mgeni akajibwaga kwenye mkeka. "Hebu sema tena."

"Sina. Mchele umekwisha, mbuzi kaisha, tausi kaisha. Binti yangu ni mzazi, mjukuu wangu hata kulia hawezi. Sina."

"Na mimi sina!" akasema Bi Mgeni, akaziba mdomo, akacheka, na machozi yakamtoka palepale. "Loo, nimelisema! Asali ile, dada, ilikuwa dawa ya kidonda cha mwanangu. Tende zilikuwa akiba ya kurudia nyumbani. Njoo uone." Akafunua masufuria yake moja baada ya jingine. Mchanga. Mchanga. Ngozi ya mkoba inachemka.

"Sasa si muondoke?"

"Dahalani kaapa. Na nyinyi si mfungue?"

"Madi kaapa."

"Wapumbavu."

"Wako ni mmoja. Mimi nina baraza."

Wakakaa. Nje ngoma ya vita ikapigwa kidogo, mpigaji akachoka, akaacha.

"Niambie," akasema Bi Somoe, "watu wako wakialikwa karamu, wanakwenda na mikuki?"

"Mikuki karamuni? Kwani tumelelewa na nani?"

"Hata kwetu ni hivyo hivyo."

Bi Mgeni akamtazama. "Nani anamwalika nani?"

"Kila mtu anamwalika mwenzie."

Sahani ikarudi imefunikwa. Bi Somoe akaiweka mbele ya ndugu yake. "Imerudi na mwaliko," akasema. "Amiri kakubali kwamba sisi ni waungwana kuliko yeye. Anaalika mji mzima. Leo, sasa hivi."

Baraza likameza mate kwa pamoja.

"Na kama ni hila?" akauliza Sultani. "Twende na silaha."

"Nenda nazo, Madi. Wakaseme Sambaruni wanakula wali na upanga."

Hilo likamchoma mahali pake. Silaha zikaachwa.

"Ila tusiharakishe," akasema Waziri. "Tukiwahi wataona tuna njaa."

Wakanawa mikono, wakangoja. Mtu akakohoa. Mtu akapiga hatua moja. Walinzi walikwisha shika komeo bila kuambiwa. Lango likafunguka kwa kishindo, na mji mzima ukamwagika nje, mikono mitupu, imenawa, imeinuliwa juu isichafuke.

Na kutoka mahemani, likaja jeshi zima la Wafumbuao, mikono mitupu, imenawa, imeinuliwa juu isichafuke.

Wakakutana langoni.

"Karibuni!" wakasema hawa.

"Ahsanteni, tumekwisha karibia!" wakasema wale.

"La, sisi ndio tunakuja kwenu!"

"Si sisi ndio tunaokuja kwenu?"

Wenye njaa hawasimami kuulizana. Wakapishana. Mji ukakimbilia kambini, ukafunua masufuria: mchanga. Jeshi likakimbilia jumbani, likafunua masufuria: mchaichai. Wakarudi, taratibu sasa, wakakutana tena palepale, mikono bado juu, safi kabisa.

"Lango liko wazi na nimeingia," akasema Amiri Dahalani. "Mji umesalimu amri."

"Nami nimeingia kambini kwako," akasema Sultani Madi. "Kambi imesalimu amri."

"Nimetangulia!"

"Umetangulia kufanya nini? Kulamba sufuria yangu?"

Mtu mmoja nyuma akasema, kaleteni mikuki. Mwingine akasema, nami naifuata yangu. Watu wakaanza kurudi nyuma nyuma, kila mmoja akikumbuka alikoacha silaha yake.

Bi Somoe akapita katikati. Akaweka sahani chini, kati ya wanaume wawili, akaondoa kawa mbele ya watu wote.

"Aliyeshinda aijaze," akasema.

Amiri akaitazama, macho kayatoa. Sultani akaitazama, na mara hii hapakuwa na dari.

Hapo, kutoka ndani ya mji, dirishani kwa Tumu, ikasikika sauti. Ndogo, yenye mikwaruzo. Mtoto alikuwa analia. Hakulia kile kilio cha zamani cha kukata tamaa. Alilia kilio cha mtu aliyeonja maziwa, akaona yamekwisha, anadai mengine. Bi Somoe akakaa chini pale pale mavumbini.

Sultani Madi akamtazama dada yake. Neno lilimtoka kama jino.

"Sina."

Waziri akashtuka. "Bwana wangu!"

"Sina, Shekue. Wala wewe huna. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na zabibu." Akaagiza siwa iletwe, ile baragumu ya pembe ambayo hailii ila mtawala anapotawazwa, akamwekea Amiri mikononi. "Mji ni wako. Watu ni wako. Wote wana njaa. Walishe."

Amiri Dahalani alikuwa amengoja siku hiyo kwa hamu. Akaishika siwa, akaona ni nzito. Akautazama mji wake mpya, na mji wake mpya ukamtazama, mikono juu, umenawa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nifanyeje?"

"Mnyororo," akasema Bi Mgeni. "Wachuuzi wamejaa huko nje ya bandari na mchele wao, hawamuuzii mtu mpaka wajue mji ni wa nani. Si ni wako? Fungua mlango wa mji wako."

Basi aliyefunga bandari akaifungua mwenyewe, mbio, jasho linamtoka. Mchele ukaingia. Kambi na mji wakala sinia moja, na kijungu cha kwanza kilichotoka jikoni, Bi Mgeni alikibeba mwenyewe mpaka kwa Tumu.

Mnauliza kuhusu dini. Amiri alikuwa mshindi, naye akatoa amri: kuanzia leo, Sambaruni wote wanasali macho wazi. Wakatii. Wakasimama safu kwa safu, wakayatoa macho. Na kwa kuwa macho yalikuwa wazi, wote wakamwona Amiri, kashiba kwa mara ya kwanza tangu aape, kapiga magoti mbele yao, kafumba, anakoroma.

Mpaka leo watu wa mji ule husali wamefumba jicho moja, na ukiwauliza sababu wanakwambia ni vumbi.

Lakini desturi ya sahani waliibadilisha. Sambaruni leo, sahani inaweza kurudi tupu. Jirani akiirudisha tupu, hununi wala huulizi. Unajifunga nguo, unabeba mchele, unakwenda kupika kwake.

— Uongo wangu umekwisha, naufulia nguo.
— Na ukweli?
— Umebaki hapo ulipokaa. Atakayetoka wa mwisho auogeshe.
— Tumepokea!
— Basi rudisheni sahani zangu.